St Andrews: klabu maarufu isiyomiliki hata shimo moja

Klabu ya gofu inayotajwa kuliko zote duniani haina uwanja wa gofu. Royal and Ancient Golf Club of St Andrews, katika pwani ya mashariki ya Uskoti, ina jengo lake la mawe lililosimama tangu mwaka 1854, lakini majani yanayoanza hatua chache tu mbele ya mlango wake si mali yake. Ni mali ya umma. Wanachama wake huingia uwanjani kwa utaratibu uliowekwa kisheria, na utaratibu huohuo unampa nafasi mwalimu wa shule, fundi bomba na mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo.

Watu wengi hawaamini wakiambiwa hivyo. Kila mashindano makubwa ya gofu yaitwayo The Open yanaporudi St Andrews, na yamepangwa kurudi Julai 2027, mazungumzo ni yaleyale: kwamba pale ni kwa matajiri, kwamba klabu ndiyo mwenye shamba, kwamba klabu hiyo ndiyo iliyobuni gofu na ndiyo inayotunga sheria za mchezo dunia nzima. Kila dai lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana yanadumu. Ili kuyatenganisha inabidi tuanze na maneno.

"Klabu" kwetu ni neno lililobeba mizigo mingi. Ni timu ya mpira, ni ukumbi wa muziki, na ukiongeza irabu moja ni kilabu cha pombe. Katika gofu neno hilo hutumika kwa vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuna klabu yenyewe, yaani chama cha watu wenye kadi, ada na katiba. Kuna uwanja, yaani ardhi yenye mashimo ambamo mchezo unachezwa. Kisha kuna chombo kinachosimamia kanuni, kile ambacho kwa mpira wa miguu tungekiita FIFA. Katika viwanja vingi tunavyovijua Afrika Mashariki, klabu na uwanja ni kitu kimoja: ukivuka geti umeingia kwenye vyote viwili. St Andrews si hivyo, na haijawahi kuwa hivyo.

Mfano uko karibu. Simba na Yanga wamecheza mechi zao kubwa kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mashabiki wa kila upande huuona kama nyumbani kwao. Lakini uwanja ule ni wa serikali. Klabu ni mtumiaji, hata kama ni mtumiaji mkubwa mwenye jina. Ndivyo ilivyo Royal and Ancient kwa uwanja wa Old Course, yaani Uwanja wa Kale, ambao dunia nzima huutazama kwenye televisheni ikidhani inatazama mali ya klabu.

Ardhi ndiyo iliyotangulia

Kati ya bahari na mashamba ya Uskoti kuna ukanda wa mchanga wenye mabonde na vilima vidogo, ambao Waskoti huuita links. Neno hilo siku hizi hutumiwa ovyo kwa uwanja wowote ulio karibu na maji, nalo ndilo linalozaa makosa mengi. Links ni aina ya udongo kabla ya kuwa aina ya uwanja. Mchanga wake haushiki maji, kwa hiyo mvua ikinyesha asubuhi, mchana unatembea bila kuzama. Rutuba yake ni ndogo, kwa hiyo mkulima hana haja nayo. Majani yake ni mafupi na magumu, na kwa karne nyingi yalikatwa na meno ya kondoo na sungura kabla mashine haijabuniwa.

Ndiyo maana si kila uwanja wa pwani ni links. Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1911, ina mashimo 9 juu ya mwamba wa matumbawe, bahari ikiwa chini ya miguu ya mchezaji. Uwanja wa Vipingo, upande wa Kilifi, uko kwenye eneo lililokuwa mashamba ya mkonge. Vyote viwili vinapata upepo wa Bahari ya Hindi na mandhari yake hayahitaji kusifiwa, lakini udongo wake una asili nyingine kabisa.

Kwa kuwa hapakuwa na wa kulima, links za St Andrews zilikuwa za wote, kama malisho ya kijiji. Watu walichunga hapo, walianika nguo, walicheza mpira, walifanya mazoezi ya kulenga shabaha, na walicheza gofu. Hakuna aliyewajengea uwanja, na hakuna mchoraji anayejulikana wa Old Course. Njia ilichongwa na miguu ya watu, kama vile njia ya mkato inavyojitokeza yenyewe kwenye kiwanja cha wazi mtaani.

Gofu ilikuwa imeenea kiasi cha kuitia serikali wasiwasi. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti, chini ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu na mpira. Kosa la michezo hiyo lilikuwa kuwatoa vijana kwenye mazoezi ya pinde na mishale wakati taifa lilikuwa na uhasama na Uingereza. Marufuku hiyo ilirudiwa mwaka 1471 na tena 1491, na sheria inayorudiwa mara tatu ni sheria isiyofuatwa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu linajibu dai kwamba gofu ilizaliwa kama mchezo wa mabwana. Hakuna bunge linalohangaika na mchezo wa mabwana kumi. Lilihangaika kwa sababu waliokuwa wakicheza ni wale wanaopelekwa vitani.

Karibu karne moja baadaye likaja andiko ambalo mimi naliona kuwa muhimu kuliko kikombe chochote kilichowahi kushindaniwa pale. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura kwenye links. Pamoja na ukubwa wake, hakuweza kufanya hivyo bila ridhaa ya mji, na hati iliyoandikwa ilitambua kwamba wakazi wanabaki na haki yao ya kucheza gofu na mpira, kulenga shabaha na kulisha mifugo kwenye ardhi hiyo. Watu husema askofu aliwapa watu ruhusa ya kucheza. Ni kinyume chake. Yeye ndiye aliyeomba nafasi, na haki ya watu ilikuwa pale kabla yake.

Klabu inaingia

Tarehe 14 Mei 1754 mabwana 22 wa Fife, eneo ambamo mji wa St Andrews upo, walikutana wakachangishana fedha za kununua fimbo ya gofu ya madini ya fedha, wakaishindania, na huo ukawa mwanzo wa Society of St Andrews Golfers. Hii ndiyo klabu tunayoizungumzia. Tazama umri wake: ilizaliwa miaka 202 baada ya hati ya askofu, kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wakiichezea kwa vizazi.

Wala haikuwa ya kwanza. Miaka 10 kabla, mwaka 1744, mabwana wa Leith karibu na Edinburgh walikuwa tayari wameandika kanuni 13 za mchezo kwa ajili ya shindano lao wenyewe. Wale wa St Andrews walizichukua karibu zote kama zilivyo. Chama cha Leith kipo hadi leo, kikiitwa Honourable Company of Edinburgh Golfers, na kina uwanja wake wenyewe huko Muirfield tangu mwaka 1891. Muirfield basi ni klabu yenye uwanja, St Andrews ni uwanja wenye klabu kandokando. Majina ya sehemu hizi mbili hutajwa kwa pumzi moja, lakini kwa habari ya ardhi ni mbingu na nchi.

St Andrews ilichoacha duniani ni idadi ya mashimo, na hapa pana hadithi moja inayopendwa sana: kwamba gofu ina mashimo 18 kwa sababu chupa ya wiski inatoa vikombe 18, kimoja kwa kila shimo. Si kweli. Jibu lenyewe ni hesabu ya kwenda na kurudi.

Fikiria daladala inayotoka kituo cha nyumbani hadi mwisho wa njia, halafu inarudi kwa vituo vilevile. Old Course ulikuwa hivyo. Ulikuwa na mashimo 12 yaliyopangwa kwenye ukanda mwembamba kandokando ya bahari. Mchezaji alianza karibu na shimo la nyumbani, akacheza mashimo 11 hadi la mwisho, kisha akageuka na kucheza 11 kurudi, akitumia mashimo 10 ya katikati kwa mara ya pili. Jumla ikawa 22. Mwaka 1764 wachezaji waliona mashimo manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayaunganisha yakawa mawili. Ukifuta vituo viwili vya njiani, safari ya kwenda na kurudi inapungua vituo vinne. Ikabaki 18. Viwanja vingine viliendelea na idadi zao kwa muda mrefu, kila kimoja kwa kadiri ya ardhi yake, mpaka jina la St Andrews lilipokuwa kubwa kiasi kwamba wengine wakaiga.

Alama ya safari hiyo bado inaonekana. Watu walipoongezeka, wanaokwenda walianza kukutana na wanaorudi kwenye shimo moja, kwa hiyo kila sehemu ya majani yaliyonyolewa, ambayo wachezaji huiita grini, ilipanuliwa ikachimbwa mashimo mawili: bendera nyeupe kwa wanaokwenda, nyekundu kwa wanaorudi. Leo grini 7 za Old Course zinatumika hivyo, na namba zake ukizijumlisha hupata 18 kila mara. Shimo la 2 liko pamoja na la 16, la 3 na la 15, mpaka la 8 na la 10. Ni mashimo manne tu yenye grini ya peke yake: la 1, la 9, la 17 na la 18.

Miaka ya sungura

Sasa tufike kwenye sehemu inayosahaulika, nayo ndiyo inayoonyesha jinsi ardhi ya umma inavyoponyoka. Mwishoni mwa karne ya 18 mji wa St Andrews ulikuwa umedorora na hazina yake ikiwa na madeni. Mwaka 1797 baraza la mji likauza links. Muda mfupi baadaye zikawa mikononi mwa wafanyabiashara Charles na Cathcart Dempster, ambao hawakuwa na haja na gofu. Walitaka sungura, kwa ajili ya nyama na ngozi.

Sungura huchimba. Uwanja ambao kwa karne mbili na zaidi watu walikuwa wakiutembea ukajaa mashimo yasiyo ya gofu. Wachezaji walidai kwamba haki yao ya zamani haikuuzwa pamoja na ardhi, na wafugaji wakadai kwamba wamenunua na wana risiti. Ugomvi ukafika mahakamani na kudumu kwa miaka. Ninapousoma huo mvutano, nasikia sauti za kwetu kabisa: njia ya kwenda ufukweni inayozibwa kwa ukuta, kiwanja cha watoto kinachoamkia mabati, na upande mmoja kushika hati wakati upande wa pili umeshika kumbukumbu.

Aliyeokoa jahazi ni mtu, si mahakama. Mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba la Strathtyrum lililopakana na links na mchezaji wa gofu, aliinunua ardhi ile na kuirudisha kwenye mchezo. Hilo lilikuwa jema, lakini angalia udhaifu wake: kwa miaka zaidi ya 70 iliyofuata, haki ya mji mzima ilitegemea wema wa familia moja.

Katikati ya kipindi hicho klabu ilipata jina lake kubwa. Mwaka 1834 Mfalme William wa Nne alikubali kuwa mlezi wake, ikawa Royal and Ancient, yaani ya Kifalme na ya Kale. Neno "Royal" mbele ya jina la klabu huwapotosha watu wakadhani mfalme alitoa ardhi au fedha. Ni heshima ya jina tu. Klabu ya Perth iliipata mwaka 1833, mwaka mmoja kabla ya St Andrews. Hata Nairobi, klabu iliyoanzishwa mwaka 1906 ilipewa jina hilo mwaka 1935, ndiyo Royal Nairobi ya leo.

Gofu nayo ilikuwa inabadilika nje ya majengo ya mabwana. Mpira wa zamani ulikuwa wa ngozi iliyoshindiliwa manyoya, kazi ya mikono iliyomchukua fundi saa nyingi, na bei yake ilimshinda mtu wa kipato cha chini. Kuanzia mwaka 1848 ulikuja mpira wa gutta-percha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, uliokuwa rahisi kuutengeneza na rahisi kuununua. Mwaka 1852 reli ikafika St Andrews. Tayari mwaka 1843 mafundi wa mji walikuwa wameunda klabu yao, ambayo leo ni St Andrews Golf Club, na mwaka 1867 wanawake wakaanzisha yao ya kusukuma mpira kwenye grini. Klabu zote hizo zilitumia links zilezile. Hivyo mtu akisema "klabu ya St Andrews", swali la kumrudishia ni: ipi?

Mwaka 1894 jambo la ardhi lilimalizwa kwa njia iliyostahili tangu mwanzo. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyorudisha links mikononi mwa mji. Royal and Ancient ilikubali kugharimia utunzaji wa Old Course na kujenga New Course, uliofunguliwa mwaka 1895, nayo ikapata nafasi zake za kucheza. Baadaye, mfumo wa serikali za mitaa ulipokuwa unabadilishwa, sheria nyingine ya mwaka 1974 iliunda udhamini maalumu wa kuendesha viwanja. Ardhi ni ya halmashauri ya Fife. Wadhamini ni 8: watatu huteuliwa na klabu, watatu na halmashauri, mmoja na serikali ya Uskoti, na wa nane ni mbunge wa eneo hilo. Viwanja sasa ni 7, na vyote viko wazi kwa umma.

Na hizo kanuni?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya klabu na FIFA ya gofu, na hawana makosa makubwa, maana kwa zaidi ya miaka 100 vilikuwa kitu kimoja. Klabu nyingi zilikuwa na kanuni zake, na wachezaji waliposafiri kwa treni kwenda kushindana wakakuta kila mji una mahakama yake. Mwaka 1897 Royal and Ancient iliombwa kuunda kamati ya kanuni. Kutoka hapo mamlaka yake yakakua mpaka kuvuka bahari.

Lakini si tena. Tangu mwaka 2004 kazi hiyo imetengwa. Chombo kinachoitwa The R&A ndicho kinachosimamia kanuni na kuendesha The Open, na klabu imebaki klabu ya wanachama. Majina yamefanana, ofisi ziko mji uleule, na mkanganyiko ni wa kusameheka. Kanuni za The R&A, zinazoandikwa pamoja na chama cha gofu cha Marekani, ndizo zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda. Marekani na Mexico ziko chini ya chama hicho cha Marekani.

Taswira ya gofu kama mali iliyozungushiwa ukuta, basi, imetoka wapi? Kwa kiasi kikubwa imetoka Marekani na makoloni. Brookline, nje ya Boston, ilianzishwa mwaka 1882 klabu iliyojiita The Country Club, na jina hilo likawa jina la aina: shamba binafsi lenye michezo, mgahawa na ukumbi, kwa wanachama na wageni wao. Waingereza nao walipoupeleka mchezo ng'ambo, walijenga klabu za watawala. Afrika Mashariki gofu ilikuja ikiwa na ubaguzi wa rangi ndani yake, na Mwafrika aliingia uwanjani kwa kubeba mfuko wa fimbo au kukata majani. Kwa hiyo mtu wetu anayesema gofu ni mchezo wa mabwana anasema ukweli wa historia yake. Kosa ni kuirudisha historia hiyo nyuma mpaka kwenye links za Fife.

Sitaki pia kuipamba St Andrews kupita kiasi. Ardhi ilikuwa ya wote, lakini ndani ya jengo la mawe mambo yalikuwa mengine. Royal and Ancient haikupokea mwanamke hata mmoja kuwa mwanachama kwa miaka 260. Kura ilipigwa ikatangazwa tarehe 18 Septemba 2014, siku ileile Waskoti walipokuwa wakipiga kura ya kujitenga na Uingereza, na asilimia 85 walikubali. Mwaka uliofuata klabu ikatangaza wanawake wa kwanza kupewa uanachama wa heshima, akiwamo Annika Sörenstam wa Sweden na Renee Powell, Mmarekani mweusi aliyecheza gofu ya kulipwa wakati ambapo milango mingi ilikuwa imefungwa usoni mwake. Miaka yote hiyo ya kufungiwa nje ya jengo, wanawake walikuwa wakicheza kwenye Old Course. Uwanja haukuwa wa klabu, klabu haikuwa na uwezo wa kuwazuia.

Anayetaka kucheza leo haombi uanachama popote. Huandikisha jina kwenye bahati nasibu ya Old Course siku mbili kabla, pamoja na mwenzake, akiwa na uthibitisho kwamba anaujua mchezo, kisha anasubiri orodha. Ada kwa mgeni ni kubwa, hilo lazima lisemwe. Mkazi wa mji hukata tiketi ya mwaka mzima kwa bei nafuu sana.

Jumapili hakuna bahati nasibu kwa sababu hakuna mchezo, isipokuwa kwa mashindano machache makubwa. Old Course hufungwa kwa wachezaji na kubaki bustani ya mji. Watu huja na mbwa, na vigari vya watoto, hupiga picha juu ya daraja dogo la mawe la Swilcan, na hukatiza katikati ya shimo la 18 wakielekea ufukweni.